"Wingu" Lina Geti, Lina Mita na Lina Bomba: Soma Kabla Hujapigia Makofi Kituo cha Data



Hebu shika simu yako sasa hivi. Ile video uliyopakia jana ukiwa Lighthouse, zile picha za harusi ya binamu yako, zile noti za chuo ulizohifadhi "kwenye wingu", ziko wapi?

Haziko angani. Ziko ndani ya jumba. Jumba lenye ukuta, geti na askari wa zamu, limejaa kompyuta zilizopangwa kwenye rafu kutoka sakafuni hadi darini. Zinawaka mchana na usiku, Ijumaa na Jumapili, sikukuu na siku ya mazishi. Jumba hilo linaitwa kituo cha data. Lina mita ya stima kama nyumba yenu na lina bomba la maji kama nyumba yenu. Tofauti ni kwamba yake haikatiki.

Leo nataka tuzungumze kuhusu jumba hili, kwa sababu linakuja. Nairobi lishafika, na hapa Mombasa tunavyo vituo tayari. Na vikubwa zaidi vinaahidiwa. Kila mara ahadi ikitolewa, nawaona vijana wetu kwenye mitandao wanaweka emoji za moto na makofi: "Mombasa ndio Silicon Valley ya Afrika!" Hakuna anayeuliza swali hata moja. Anayeuliza anaambiwa ana roho mbaya, anapinga maendeleo.

Basi niseme mapema ili tusielewane vibaya. Mimi sipingi vituo vya data. Napinga kupiga makofi kabla ya kusoma mkataba.

Kwa nini wanaipenda Mombasa?

Si kwa ajili ya biriani. Ni kwa ajili ya bahari. Nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari zikibeba intaneti ya dunia zinatua kwetu. TEAMS, iliyovutwa kutoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, ilitua mwaka 2009. SEACOM ilifika mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010, na nyingine zimekuja baadaye. Intaneti ya Kenya, na sehemu kubwa ya intaneti ya Uganda na Rwanda, inapitia ufuo wetu.

Babu zetu walikuwa na jahazi, msimu wa kaskazi na kusi, na bandari. Kila aliyetaka biashara ya bara alipita hapa. Leo mzigo ni data, lakini bandari ni ile ile. Kwa hiyo usiruhusu mtu akuambie kwamba Pwani inafanyiwa hisani. Sisi tuna kitu wanachokihitaji. Mwenye mali haombi, anajadiliana.

Na faida ipo, tusiifiche. Data ikihifadhiwa karibu, kurasa zinafunguka haraka na gharama inapungua. Hospitali, chuo na biashara ndogo zinaweza kuhifadhi kumbukumbu zao hapa nchini, chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, badala ya kuzituma ng'ambo na kutumaini mema. Hayo ni mambo ya maana. Lakini faida ya nchi nzima si lazima iwe faida ya mtaa unaobeba mzigo. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Tuanze na stima

Mwezi Mei 2024, Rais akiwa ziarani Washington, kampuni ya Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 nchini Kenya. Kiini chake ni kituo cha data kule Olkaria, Naivasha, kitakachotumia kawi ya mvuke wa ardhini. Awamu ya kwanza ilitajwa kuwa megawati 100, na ndoto ya baadaye ni megawati 1,000.

Sasa piga hesabu na mimi. Stima yote inayotumika Kenya saa ile ya jioni watu wote wamewasha taa, wanapika, wanatazama mpira, na viwanda vinafanya kazi, mwaka 2025 ilipita megawati 2,300. Yaani megawati 1,000 ni zaidi ya asilimia 40 ya matumizi ya nchi nzima. Kwa jengo moja na majirani zake.

Tunajua hali yetu. Mnakumbuka Agosti 25, 2023, nchi ilipoingia giza kuanzia usiku hadi siku ya pili, uwanja wa ndege wa Nairobi ukiwemo. Mnajua tokeni inavyoisha kabla mwezi haujafika katikati. Mnajua fundi cherehani anayekaa na nguo za Idd hajamaliza kwa sababu stima imepotea tangu asubuhi.

Ukiambiwa "mvuke wa Olkaria ni kawi safi", kubali, ni safi. Lakini uliza swali la pili: megawati hizo safi zikiingia kwenye seva, mimi nitabaki na zipi? Kama za jenereta za mafuta, za bei ghali, basi wao wamechukua usafi na mimi nimeachiwa moshi na bili.

Si kwamba naogopesha watu. Tazama Ireland, nchi ya Ulaya, tajiri kutushinda mara nyingi. Mwaka 2015 vituo vya data vilikula asilimia 5 ya stima yake. Kufikia 2023 vilikula asilimia 21, zaidi ya nyumba zote za mijini zikijumlishwa pamoja. Wasimamizi wa gridi wakalazimika kufunga breki kwa vituo vipya kuzunguka Dublin. Kama Ireland ilishtuka, sisi tunalala vipi?

Halafu maji

Kompyuta ikifanya kazi inapata joto. Ukishika laptopu yako unajua. Sasa weka maelfu ya kompyuta ndani ya chumba kimoja. Bila kupozwa, zinaungua. Kuna njia kadhaa za kuzipoza. Njia moja rahisi kwa mwenye kituo ni kuvukiza maji: maji yanachukua joto, yanageuka mvuke, yanapaa. Hayarudi. Njia nyingine ni kuzungusha maji yale yale ndani ya mabomba yaliyofungwa, au kutumia hewa, ambayo inapunguza maji lakini mara nyingi inaongeza stima. Kwa hiyo usikubali kuambiwa tu "kituo hiki hakitumii maji mengi". Uliza: mnapoza kwa njia gani? Lita ngapi kwa siku mwezi wa Februari, jua likiwa utosini?

Nikupe kisa kimoja ukikumbuke. Kuna mji mdogo Marekani, jimbo la Oregon, unaitwa The Dalles. Google ina vituo vya data pale. Gazeti likataka kujua kampuni inatumia maji kiasi gani. Unajua mji ulifanya nini? Mji wenyewe, serikali ya mtaa iliyochaguliwa na wananchi, ilienda mahakamani kuzuia takwimu zisitoke. Ati ni siri ya biashara! Kesi ilivutana zaidi ya mwaka mzima. Mwishowe, Desemba 2022, mji ukakubali kutoa hesabu. Ikaonekana kwamba mwaka 2021 vituo hivyo vilitumia galoni milioni 355, zaidi ya robo ya maji yote ya mji.

Galoni milioni 355 ni lita bilioni 1.3 na zaidi. Kwa mitungi yetu ya lita 20, ni mitungi milioni 67 hivi. Na wananchi walikuwa hawajui, kwa sababu mtu alitia saini kwamba wasijue.

Sasa rudi nyumbani. Mombasa maji yake mengi si yake. Yanatoka Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale. Watu wa Taita wanaoishi karibu na chemchemi wamelia miaka na miaka kwamba bomba linawapita na mitungi yao mikavu. Na hata huko maji yanakokwenda hayatoshi. Mama yako anamsubiri mtu wa mkokoteni. Msikitini unakuta bomba limekauka, unatawadha kwa kopo na wenzako wamepanga foleni nyuma yako. Chumvi ya kisima cha mtaani unaijua kwa ulimi.

Hapo ndipo mtu akuletee mteja mpya wa maji, mteja mwenye pesa, asiyekatiwa, halafu akuambie usiulize lita ngapi?

Tumefundishwa tangu chuoni, tukiwa watoto na juzuu mkononi, kwamba maji na moto ni vitu ambavyo watu wana ushirika navyo, havifungiwi na mmoja wenzake wakafa kiu. Maji ni bomba, moto ni stima. Suala hili halikuja na intaneti. Ni la zamani, limevaa nguo mpya tu.

Tena inawezekana kufanya vizuri. Kule Hamina, Finland, Google iligeuza kiwanda cha zamani cha karatasi kuwa kituo cha data na inapoza kwa maji ya bahari, si maji ya kunywa. Kule Chile, watu wa Cerrillos, mtaa wa jiji la Santiago, walipinga mradi wa kampuni hiyo hiyo kwa sababu ya maji. Mwaka 2024 mahakama ikarudisha sehemu ya kibali, na kampuni ikasema itaanza upya, kwa kupoza kwa hewa. Umeona? Waliulizwa, wakabadilisha. Teknolojia ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwauliza.

Na hapa kwetu tusinakili kwa macho yaliyofumbwa. Bahari ya Finland ni ya baridi, yetu ni ya joto, na maji ya moto yakirudishwa baharini mvuvi wa Likoni ana haki ya kuuliza samaki wataenda wapi.

Kazi? Kazi gani?

Hapa ndipo vijana wananaswa. Bango linasema "maelfu ya nafasi za kazi". Soma tena. Maelfu ni wakati wa ujenzi: kubeba, kujenga, kuvuta nyaya. Miezi kumi na minane, miaka miwili, kisha kwaheri. Jumba likifunguliwa linahitaji watu makumi, pengine mia na kidogo likiwa kubwa sana. Hilo si kosa la mtu, ndivyo mitambo hii ilivyo. Imeundwa ili ifanye kazi bila watu. Hoteli ya Diani inaweza kuajiri watu wengi kuliko kituo cha data chenye thamani kubwa kuliko yake.

Na hao makumi ni kina nani? Wengi hawaandiki programu. Ni mafundi wa stima kubwa, mafundi wa mitambo ya kupoza, mafundi wa jenereta, mafundi wa nyaya za intaneti, walinzi na wasafishaji. Kama hatukuandaa vijana wetu kwa zile kazi nne za kwanza, tutapewa zile mbili za mwisho na tuambiwe tushukuru.

Halafu ushuru. Kampuni ya kawaida Kenya inalipa asilimia 30 ya faida. Lakini kituo kikiwekwa ndani ya eneo maalum la kiuchumi, kama lile la Dongo Kundu, sheria inakipa asilimia 10 tu kwa miaka kumi ya kwanza, na 15 kwa miaka kumi inayofuata. Katika kila shilingi mia ya faida, shilingi ishirini zinasamehewa. Kijana anayeuza viazi karai anatozwa leseni ya kaunti asubuhi na mapema, na kanjo hana mchezo. Mwenye seva anapewa miaka ishirini ya nafuu.

Sisemi nafuu haifai kabisa. Nasema nafuu ni pesa yetu. Ni pesa iliyokuwa ijenge zahanati, tukaamua kumwachia mwekezaji. Anayeachiwa pesa yako ana deni kwako. Mdai ana haki ya kuuliza.

"Hayo ni mambo ya Wazungu, hapa hayatufiki"

Yametufika.

Pale Owino Uhuru, Mikindani, kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Waliambiwa kazi. Walikuja kupata sumu ya risasi kwenye damu ya watoto wao. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mtoto wake mwenyewe akaonekana na risasi mwilini. Akaanza kupiga kelele. Akakamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaiondoa 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu miaka hiyo. Mtoto aliyekuwa mgongoni kiwanda kikifunguliwa alikuwa kijana mkubwa hukumu ya mwisho ikitolewa. Haki ilikuja, lakini risasi ilikuja kwanza.

Utasema kituo cha data si kiwanda cha betri. Kweli kabisa. Lakini tazama Memphis, Marekani. Mwaka 2024 kampuni ya xAI ya Elon Musk iligeuza karakana ya zamani ya majiko kuwa kituo kikubwa cha akili unde, ile mnayoiita AI, kusini mwa mji. Karibu yake kuna mtaa wa Boxtown, ulioanzishwa na Waamerika weusi waliotoka utumwani. Stima ya gridi haikutosha kwa haraka waliyotaka, basi kampuni ikaleta mitambo ya gesi na kuiwasha bila kibali cha hewa. Watetezi wa mazingira walihesabu mitambo 35. Kelele zikapigwa, na Julai 2025 idara ya afya ya kaunti ikatoa kibali cha mitambo 15. Kwanza moshi, karatasi baadaye.

Kwa nini Boxtown na si mtaa wa matajiri? Unajua jibu. Vitu vya kelele na moshi hutafuta mahali ambapo watu hawana wakili. Na Pwani yetu, ambapo familia imekaa shamba moja vizazi vitatu na bado inaitwa skwota kwa sababu hatimiliki iko kwa mtu ambaye hawajawahi kumwona, tunajua vizuri maana ya kutokuwa na karatasi.

Hata Olkaria yenyewe ina historia. Mwaka 2014, familia za Wamaasai kutoka vijiji vinne zilihamishwa kupisha mtambo wa mvuke wa Olkaria IV. Zikapelekwa mahali paitwapo RAPland. Wakalalamika kuhusu ardhi, barabara na maisha waliyoahidiwa. Malalamiko yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliokuwa wametoa pesa. Uchunguzi wa mwaka 2015 ukaonyesha kwamba Benki ya Dunia haikufuata baadhi ya masharti yake yenyewe, na ikabidi pande zote zikae chini zipatanishwe. Kwa hiyo kabla seva ya kwanza kuingia Olkaria, stima yake ishakuwa na watu iliowahamisha. Kawi inaweza kuwa safi kwa hewa na ikawa na deni kwa watu.

"Mtafukuza wawekezaji"

Hii ndiyo fimbo wanayotuchapa nayo kila siku. Nijibu.

Lamu waliambiwa maneno haya haya. Kituo cha makaa ya mawe, megawati 1,050, kazi tele, taa kila mahali. Walioandamana na mabango wakaitwa maadui wa maendeleo. Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kenya haikuanguka. Lamu bado ipo, na watalii bado wanakuja.

Mwekezaji anayekimbia kwa sababu ameulizwa "lita ngapi?" alikuwa anakuja kufanya nini? Mfanyabiashara mwema hapendi mashaka. Anataka kujua mapema sheria ni ipi, maji ni kiasi gani, jirani ni nani. Kesi ya miaka kumi ndiyo inayofukuza wawekezaji, na kesi ya miaka kumi huzaliwa na mkataba uliofichwa.

Na sasa nigeuke kwetu, kwa sababu si haki kuwalaumu wengine peke yao.

Mnaujua mkutano wa "maoni ya umma". Viti vya plastiki, hema, soda na mia tano za nauli. Mtu anazungumza Kiingereza cha ofisini saa nzima kwa slaidi, kisha karatasi inapitishwa: jina, nambari ya kitambulisho, saini. Wewe unadhani umesaini kwa ajili ya nauli. Ile karatasi inaenda kuambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba mtaa wako ulishirikishwa na ukakubali. Umeuza bomba la mama yako kwa mia tano, na hukujua kuwa ulikuwa sokoni.

Wallahi, hapo hatuwezi kumlaumu mwekezaji pekee.

Basi tudai nini?

Ukuaji wa uchumi wenye uwajibikaji si maneno ya semina. Una vipimo. Kituo chochote cha data kinachotaka kuja kwetu, tudai haya yaandikwe kabla jiwe la msingi halijawekwa:

1. Hesabu ya maji na stima iwe wazi. Lita kwa siku, megawati, na chanzo chake. Ichapishwe kila mwaka, kwa Kiswahili, ibandikwe hata ofisi ya chifu. Isiwe siri ya biashara. Maji yetu si siri yao.

2. Maji ya kunywa yasiguswe kiangazi. Watumie maji taka yaliyosafishwa, mabomba yaliyofungwa au hewa. Mgao ukianza, seva isitangulie mbele ya zahanati.

3. Stima mpya, si ya kwetu. Anayetaka megawati mia aje na mpango wa megawati mia mpya. Gharama za kupanua laini azibebe yeye, zisiingizwe kwenye tokeni zetu.

4. Jenereta ziwe na kibali na vipimo. Kila kituo cha data huwa na jenereta za dharura. Zinawashwa saa ngapi, moshi kiasi gani, kelele kiasi gani, nani anapima?

5. Mafunzo kabla ya ufunguzi. Mkataba na vyuo vyetu vya ufundi, vijana waanze kufundishwa stima kubwa na mitambo ya kupoza siku ujenzi unapoanza, ili siku ya kufungua wawe tayari. Si ahadi ya "tutawapa kipaumbele wenyeji". Idadi na majina ya vyuo.

6. Fungu la mtaa. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema mrabaha wa mvuke wa ardhini ugawanywe: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, na jamii ya pale pale asilimia 5. Yaani sheria tayari inakubali kwamba jirani wa mtambo ana haki ya fungu lake. Kwa nini jirani wa seva asiwe nalo? Tuombe waheshimiwa wetu katika bunge la kaunti watunge utaratibu kabla, si baada.

Na wewe ufanye nini?

Si lazima uandamane leo. Anza na kalamu.

Katiba iko upande wako. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari. Cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Cha 43 kinataja maji. Cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira hata kama wewe mwenyewe hujaumizwa bado. Umesoma vizuri: *bado*. Watu wa Owino Uhuru walisubiri damu ipimwe. Wewe si lazima usubiri.

Ukisikia mradi unakuja wadi yenu, andika barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Uliza maswali matatu tu: maji kiasi gani, stima kiasi gani, nafuu gani ya ushuru. Ofisi ya umma ina siku 21 kukujibu. Weka nakala, piga picha, weka tarehe. Tafuta ripoti ya athari za mazingira kwa NEMA, isome na wenzako wawili watatu, mmoja wa sayansi, mmoja wa sheria, mmoja anayejua hesabu. Mtoe maoni kwa maandishi wakati muda wa maoni upo. Leseni ikitolewa na hamkuridhika, mna siku 60 kukata rufaa kwenye mahakama ya mazingira. Siku zikipita, mlango unafungwa na utabaki kulalamika kwenye status.

Na ukienda kwenye mkutano, soma juu ya karatasi kabla ya kusaini chini yake. Kama hujaelewa, andika kando ya jina lako: "Nimehudhuria, sijakubali." Ni maneno mawili. Yanaweza kuwa na uzito kuliko bango la mita tano.

Vijana, hili jambo ni letu kuliko la wazee. Wao walipigania ardhi inayoonekana. Sisi tumerithi vita vya kitu kisichoonekana, tunaambiwa ni wingu, ni akili unde, ni siku za usoni, hamtaelewa. Tutaelewa. Tuna simu, tuna shule, tuna lugha. Wingu lina geti, basi tugonge. Lina mita, basi tuisome. Lina bomba, basi tuulize linatoka wapi.

Wakija na majibu, tuwakaribishe kwa kahawa na tende, tufanye kazi pamoja. Wakija bila majibu, makofi tuyaweke mfukoni.

Sambaza kwa mwenzako mmoja wa IT na mmoja asiyejua IT ni nini. Wote wawili wanakunywa maji.

Wabillahi tawfiq.